Ng'ombe Wawili Niliowarudisha

Buhongwa, Alhamisi jioni

Kabula mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako ninaijua: nakusikia hapo uani wewe na rafiki zako mmelikalia sanduku watu watatu ili lifunge, na bado halitaki. Yangu utaijua ukifika mwisho, na huenda usiipende.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala ufunguo wa bweni, wala watu wa kukaa nao mbali kwenye basi. Hayo nimeyasema kwa mdomo tangu Jumapili, na nimeona unavyoitikia "ndiyo Mama" huku macho yako yapo barabarani. Kwenye karatasi naweka yale ambayo mdomo wangu umeyakwepa miaka minne, na moja ambalo umelikwepa miaka kumi na moja.

Usidhani nimeamka leo nikawa mwema. Barabara ndiyo imenikamata. Ulipoleta ile barua ya chuo cha ualimu ukirukaruka, mimi sikuangalia jina la chuo, niliangalia njia. Basi la Biharamulo linapita Kigongo. Pale abiria wote hushuka wakasubiri kivuko, na wanaosubiri kivuko hunywa chai. Ningekuwa na akili ningekuombea chuo cha Tabora.

Nianze na kaka yako.

Unamkumbuka Masanja akiwa mtu mzima, na mikono yake yenye vidoa vya moto. Mimi namkumbuka ana miaka minane, ameshika ncha ya kanga yangu kwenye mazishi ya mama yenu, mdogo wangu Minza, na wewe uko mgongoni kwangu, hujaota jino. Baba yenu, Mathias, alikaa nasi miezi mitatu baada ya pale. Halafu akasema anakwenda visiwani kutafuta maisha, angetuma kitu kila mwezi. Alituma mara mbili. Baada ya hapo kimya, na mimi nikawa Mama Masanja. Hakuna aliyenipa cheo hicho. Muuza mkaa alianza kuniita hivyo, mtaa wote ukafuata, nami nikakivaa kama gauni la mtumba lililonikaa vizuri kuliko mwenyewe wa kwanza.

Ile ruhusa ya serikali ya kila mtu kufanya biashara ilipokuja, kila mtu Mwanza alitaka duka, na kila duka lilitaka vyuma vya kulilinda dhidi ya wale waliokosa duka. Kazi ya kuchomelea ikapanda. Masanja akajifunza, akanunua mashine yake, akakodi kibanda na rafiki yake Faraja, akanunua na kiwanja hiki cha nyuma, akamwaga msingi. Mimi nilimwomba kitu kimoja tu: nondo za dirisha la jikoni. "Wiki ijayo, Mama." Wiki ijayo ilidumu miaka miwili. Nilijifanya natania, lakini nilikuwa nahesabu.

Halafu ile homa iliyomchukua, siku tatu. Hiyo uliiona mwenyewe, siirudii.

Baada ya arobaini tukakaa kikao cha ukoo, hapa hapa sebuleni. Wewe ulikuwa darasa la saba, tulikutuma kwa jirani. Mjomba wako Luhende aliketi kwenye kiti chenye mikono, kama anavyoketi kila penye kiti chenye mikono.

"Kijana hakuoa, hana mtoto," akasema. "Ameacha kiwanja, mashine, na kitabu cha benki. Anatakiwa msimamizi wa mirathi. Mimi nasema awe dada."

"Na baba mtu?" akauliza mzee mmoja.

"Baba gani? Mahari tulitaja ng'ombe kumi na wawili, wakaja kumi. Wawili mpaka leo wanatembea njiani! Wangekuwa wanatoka Sudani wangekuwa wameshafika."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nikimimina chai, na sikucheka. Kabula, mtu pekee katika chumba kile aliyejua walipo wale ng'ombe wawili alikuwa mimi. Nikamalizia kumimina chai.

Wakaandika muhtasari wa kikao, wakatia saini na dole gumba, nami nikaubeba kwenda Mahakama ya Mwanzo nikiwa nimevaa kile kitenge cha zambarau.

Unajua nilivyosoma mimi: darasa la nne, na baada ya hapo magazeti ya kufungia dagaa. Elimu yangu yote ni ya kurasa zilizokatwa nusu. Najua jinsi vita vingi vilivyoanza, sijui vilivyokwisha. Na katika kurasa hizo niliwahi kusoma mtu anauliza kuhusu mali ya marehemu, mwanasheria wa gazetini akamjibu: "Baba aliyemtelekeza mtoto wake, hata akirudi baada ya miaka mingi, kisheria anayo" — na hapo mkasi wangu ulikuwa umepita. Nusu ya pili niliiuza na dagaa wa mteja. Nikaenda mahakamani na nusu yangu, nikiwa nimeimalizia mwenyewe: anayo aibu.

Hakimu alikuwa mwanamke mdogo kuliko nilivyotarajia, ana mafua.

"Mama, wewe ni nani kwa marehemu?"

"Mama yake."

"Wa kumzaa?"

"Wa kumlea."

"Karani, andika mama mkubwa." Kalamu ikaandika. Sijui kama umewahi kuona mtu akikupunguza kwa neno "mkubwa." "Baba yake yu hai?"

"Alikwenda visiwani, mheshimiwa."

"Nimeuliza yu hai?"

"Hakumaliza ng'ombe."

Wazee wawili wa baraza walioketi kando yake wakatikisa vichwa kunihurumia, nikajiona nimepata. Hakimu akapenga mafua.

"Ng'ombe ni wenu. Mimi nataka kujua, walifunga ndoa?"

Walifunga, kanisani. Cheti ninacho mwenyewe ndani ya bati la biskuti, na penye shahidi wa bibi harusi pana saini yangu, nimeinogesha kwa mkia mrefu kwa sababu siku ile nilikuwa na furaha. Nilijifunga mwenyewe kamba, kwa mwandiko mzuri.

"Basi huyo ni baba," hakimu akasema. "Mtoto hakuacha mke wala watoto. Anayetangulia ni mzazi. Sisemi wewe hufai, mama, nasema siwezi kumruka mtu. Tangazo litabandikwa ubaoni. Mtafuteni. Aje mwenyewe, ama aombe yeye usimamizi, ama asimame hapa aseme anakupisha."

Nilitoka pale bila kuaga mtu. Niliwaambia watu ni hasira. Nilikwambia na wewe ni hasira, ukanitengenezea uji. Haikuwa hasira. Hasira ningeimaliza kwa kugombana na mtu wa nauli. Kile kilikuwa wivu, na kilikuwa hakijaanza hata kidogo.

Nilipita kibandani kwa Faraja kuorodhesha vyombo vya Masanja. Nikamwambia, nadhani nikitafuta huruma: "Eti wanamtaka baba yake. Nani ajuaye alipo?"

Faraja akainama kama mtu anayetafuta msumari.

"Mama Masanja, mzee yuko Kigongo. Pale kivukoni, anauza chai."

"Nani kakuambia?"

"Masanja alikuwa anakwenda. Kila akipata Jumamosi."

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu, Mama. Mimi nilidhani unajua."

Jumamosi! Jumamosi alikuwa ananiambia anakwenda Misungwi kupima milango ya wateja. Nilikuwa namfungia viazi vya kula njiani. Kabula, nilimlisha baba yako viazi miaka mitatu bila kujua.

Nikapanda gari kesho yake. Si mbali. Hilo nalo liliniuma: kwamba mtu niliyekuwa nasema amemezwa na ziwa alikuwa mwendo wa asubuhi moja kutoka kwangu. Nilishuka Kigongo jua halijakaa sawa, akina mama wanapanga mapanki yaliyobaki baada ya viwanda kuchukua minofu, na nilipogeuka nikaona mlango.

Nitakueleza ulivyo kwa sababu utauona kesho. Ni mlango wa chuma wa rangi ya bluu, kwenye kibanda cha tofali cha tatu kutoka kwenye foleni ya magari. Katikati kuna samaki wawili wanaotazamana, wamekunjwa kwa nondo nyembamba, magamba yote yapo, moja moja. Na kwenye kona ya chini kuna kile kimkia cha mbuzi ambacho kaka yako alikiweka kwenye kila kazi yake, hata kwenye jiko la mkaa. Sikuhitaji kuuliza nani kautengeneza. Nilichouliza, nikiwa nimesimama peke yangu mbele za watu, ni magamba mangapi, na kila gamba dakika ngapi, na dakika hizo zilitoka kwenye dirisha la nani.

Nimeona wanawake wakionea wivu waume, na ndugu wakioneana wivu kwa mashamba. Mimi nimeuonea wivu mlango.

Akatoka. Amekuwa mwembamba, mvi zimemwanzia masikioni. Alinitambua kabla sijasema.

"Shikamoo, shemeji."

Nikaacha shikamoo ile ikae juani kidogo. "Marahaba."

"Ningekuja mazishini," akasema. "Nilifika. Nilisimama kule kwenye mikonge. Niliona wewe ndiye uliyeshikwa mikono na watu wote, nikaona nisikuongezee."

Akaleta chai. Chai yake ni nzuri, hilo nalo nalisema ili unisadiki katika mengine. Nikamweleza ya mahakama kwa kifupi, kama mtu anayesoma tangazo. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita: ataomba mashine, atataka kiwanja, atataka nusu. Nilikuwa na majibu ya kila kimoja, nimeyapanga kwenye gari.

"Nitakuja," akasema. "Nitasimama niseme nakupisha."

"Na wewe unataka nini?"

"Kiwanja kiwe cha Kabula."

"Hicho hata bila wewe kingekuwa cha Kabula."

"Basi tumekubaliana." Akafuta meza ambayo haikuwa chafu. "Ningependa ile miwani yake ya kuchomelea. Alikuwa anaivaa hapa, anaisahau kichwani, anakunywa nayo chai. Na ningependa kumwona Kabula. Hata mara moja. Hata kwa mbali, akipita."

Miwani ilikuwa imening'inia kwenye msumari chumbani kwangu. Nikamwambia imepotea, vijana wa kibandani wameibeba. Ilitoka mdomoni laini kabisa. Kuhusu wewe nikasema: "Akimaliza mtihani wa darasa la saba."

Sasa ngoja nikuambie la ng'ombe, maana pale Kigongo ndipo lilipoibuka.

Ulikuwa na miaka saba. Siku moja ulirudi shule mapema una jipu, ukakuta mtu langoni ana ng'ombe wawili, mweusi na mmoja wa madoa. Ukaniuliza, "Mama, yule nani?" Nikakwambia ni mchuuzi, amepotea njia ya mnadani. Ukakimbia kumpa maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati, nami nikakunyang'anya kikombe nikampelekea mwenyewe. Uliliongea jambo hilo wiki nzima, kwa sababu ng'ombe wa madoa alikulamba mkono.

Yule alikuwa baba yako. Alitembea nao toka Misungwi siku mbili. Wale ndio wawili waliobaki. Alikuja kuwamaliza, na kuwaona watoto wake kama mtu asiyedaiwa.

Nilimwambia watoto hawapo, wamehamia Shinyanga kwa wajomba, na kwamba ng'ombe hawapokelewi na mwanamke, aje siku ukoo upo. Hilo la pili lilikuwa kweli, na ndilo lililofanya la kwanza likae vizuri. Hakubisha. Alikutazama wewe una sare ya shule, umesimama nyuma ya kanga yangu, akanitazama mimi. Akasema, "Na huyu?" Nikasema, "Wa jirani."

Akageuza ng'ombe.

Nimejiuliza miaka yote kwa nini. Nilikuwa nimekulea miaka saba. Kila usiku wa homa, kila chawa, kila ada ilipoanza kudaiwa. Na yule mtu angepokelewa kwa vigelegele, kwa ng'ombe wawili, mimi nikachinja kuku nikampikia. Jioni ile mngeketi naye kwenye kigoda mkimchunguza pua kama inafanana na zenu. Mimi ningekuwa jikoni. Nilitazama mbele nikaona hivyo, kama ninavyokuona wewe, nikafunga lango.

Pale Kigongo, baada ya kumdanganya kuhusu miwani, nilimuuliza Masanja alimpataje. Akasema kijana alikuja kupima mlango wa duka la jirani yake, wakaongea, akamwuliza jina la marehemu mkewe. Ndivyo. Bila mganga wala gazeti.

"Ukamwambia ulikuja na ng'ombe?"

"Nilimwambia."

"Na kwamba nilisema wamehamia?"

"Aliniuliza kwa nini sikurudi. Ningemwambia nini?"

"Akasemaje?"

Mathias akatabasamu kidogo, si kwa kunicheka. "Alicheka sana. Akasema, 'Mama ndivyo alivyo.' Halafu akasema nisije kwanza. Akasema atakulainisha yeye mwenyewe taratibu, wewe ni wa taratibu."

Kabula, kaka yako alijua. Miaka mitatu alirudi hapa Jumamosi jioni akala ugali wangu, akaniita Mama, akanisikiliza nikisema baba yenu alimezwa na ziwa, akasema, "Ee, poleni." Hakunitia aibu hata siku moja. Sijui alikuwa anasubiri nini. Nadhani alikuwa anasubiri mimi niseme.

Mathias alikuja mahakamani kama alivyoahidi, amevaa viatu vya kuazima, vinamlia kila hatua. Hakimu alimweleza haki yake yote, polepole, kwa sauti ya kuhakikisha anasikia: wewe ndiye unayetangulia, ukitaka unaweza kusimamia. Akasema, "Nimeelewa, mheshimiwa. Nampisha huyu mama."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi sijui hata marehemu alikuwa anavaa kiatu namba ngapi. Yeye anajua."

Hakimu akaandika. Wazee wa baraza wakanitazama kwa furaha, kwamba mama umeshinda. Nilipewa karatasi yenye mhuri. Nimewahi kuchukia mhuri mmoja tu, ni ule. Ningependa angegombana na mimi. Nilikuwa na mambo mengi mabaya ya kumwambia, yote nikabaki nayo, nikarudi nayo nyumbani bila kuyatumia.

Yaliyofuata kwenye mirathi unayajua. Mashine tulimwuzia Faraja, kitabu cha benki kikaenda kwenye ada yako, kiwanja kimeandikwa jina lako, karatasi zipo kwenye bati la biskuti. Niliyafanya yote sawa. Mtu akija kukagua hatapata kosa kwenye makaratasi. Nilijifunza pale kwamba mtu anaweza kuwa msafi kabisa kwenye makaratasi.

Maana kile alichoniomba sikumpa. Ulipomaliza darasa la saba nikasema: akimaliza kidato cha pili. Ulipomaliza cha pili nikasema usivurugwe akili kabla ya cha nne. Ahadi ilikuwa inasogea mbele kama mpaka wa shamba la mtu mwizi, hatua moja kila msimu. Alituma barua mbili kwa mkono wa akina mama wa samaki, zenye jina lako juu. Ya kwanza niliifungua. Haikuwa na jambo baya, na kwa hiyo nikaichukia zaidi. Ya pili sikuifungua. Siku moja niliishika nikiwa na mteja mbele yangu, dagaa mezani, karatasi zimeniishia. Mkono ukakataa. Sijui mkono wa aina gani ungekubali.

Zote mbili zipo ndani ya bahasha hii. Ile iliyofunguliwa nisamehe. Ile iliyofungwa ni yako.

Sasa nikuambie kitu ambacho hata Mjomba Luhende hakijui. Siku tunafunga kile kibanda cha kuchomelea, Faraja akihamia kwingine, niliuona ukuta ambao Masanja alikuwa anaandika kazi kwa chaki. Ulikuwa umejaa. Geti la fulani, kitanda cha fulani, na kila iliyokwisha ameipiga mstari. Juu kabisa ya zote, kwa chaki iliyofifia, palikuwa pameandikwa "Mama dirisha." Haikupigwa mstari. Chini yake kazi zilikuwa zimefutwa zikaandikwa nyingine, zikafutwa tena, lakini ile ya juu hakuifuta. Ilisogezwa mbele miaka miwili, na haikuondolewa.

Nimesimama mbele ya maandishi yale mara nyingi, kichwani mwangu. Kuna siku nasema aliniadhibu: alijua nilichokifanya, akanyamaza, akaacha dirisha langu liwe na gunia badala ya nondo. Kuna siku nasema hapana, mtu huanza na wateja wanaoweza kukasirika wakaondoka, na mimi alijua sitaondoka. Nilikuwa namwonea wivu aliyepewa mlango, kumbe huenda mlango ulikuwa kwa mtu aliyehofiwa kuondoka tena, na mimi nilikuwa yule wa kusubiri kwa sababu nipo. Sina njia ya kujua. Ndiyo maana lile gunia lipo mpaka leo. Faraja amesema mara tatu atanitengenezea bure. Wewe umeniita bahili. Si ubahili. Ile kazi ina mwenyewe.

Kama kuna jambo la kuchukua hapa, chukua hili dogo: siku ile kikaoni, nilipokuwa namimina chai, ilikuwa inatosha niseme maneno matatu. "Ng'ombe aliwaleta, nikawarudisha." Wangenisema nusu saa, Luhende angesimama kwenye kile kiti, halafu tungeendelea. Badala yake nimelibeba miaka. Utakaa kwenye vikao, mwanangu, walimu wana vikao kuliko watu wote. Siku ukijikuta wewe peke yako ndiye unayejua, na una birika mkononi, weka birika chini.

Kesho basi litafika Kigongo, mtashuka. Kivuko hakiji upesi, una muda. Sijampelekea habari kwamba unapita. Nilianza mara mbili kumtuma mama wa samaki, mara mbili nikamwambia aniletee sangara badala yake. Kwa hiyo hatakuwa anakusubiri, wala hutamvunja mtu moyo ukipita moja kwa moja ukapanda kivuko. Ukitaka, utauona mlango. Ukitaka zaidi, kuna chai ndani.

Utamwita nani, ni juu yako. Ukimwita baba, mimi nitajua, usiniulize nitajuaje. Nitakasirika siku mbili. Ya tatu ni siku ya mnada, nitakuwa na kazi.

Ila namwomba Mungu, na hili si la kiungwana lakini nimeahidi kusema yote, kwamba chai ya kesho iwe imepoa kidogo.

Ukikaa naye, mwambie mambo mawili. La kwanza: yule mtoto wa jirani alikuwa wewe. Analijua, lakini halijasemwa na mtu wa nyumba hii, na lisemwe. La pili: wale ng'ombe wawili, hata kama ni wengine, hata kama ni ndama, lango lipo. Mimi ndiye nitakayewaita Luhende na ukoo. Nitasimama nieleze kwa nini wamechelewa. Na kuku nitachinja mimi, nitapika, lakini mwambie safari hii nitakula nao sebuleni.

Chini kabisa ya sanduku, chini ya shuka, ndiyo maana halifungi, kuna kitu kigumu nimekiweka ulipokwenda kuoga. Usikifungue njiani. Ni ile miwani aliyoiomba; ukiingia kwake, mpe. Nimeifuta kioo kimoja, cha pili nimekiacha na alama ya kidole cha kaka yako, baba yako mwenyewe ataamua.

Nimeifunga kwa gazeti zima. Sikulikata.

Mama yako,
Mama Masanja